Delta Green: namna ya kuiingiza historia na makundi yake mezani bila kuwachosha wachezaji

Delta Green ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wa hadithi za kutisha, ambamo wachezaji ni maofisa wa siri wa Marekani na mwongozaji ndiye anayesimulia. Kosa la kwanza la mwongozaji mgeni ni kufungua kikao kwa simulizi ya nusu saa kuhusu kila kilichotokea tangu 1928. Ikiisha, wachezaji wanajua siri zote na hakuna wanachokiogopa. Historia ni ya mwongozaji. Mchezaji anastahili mabaki yake tu: picha iliyochanika, jina lililofutwa, mzee anayekata simu akisikia neno fulani.

Wewe mwenyewe shika vituo vitano kichwani. Mwaka 1928 serikali ya Marekani inavamia Innsmouth, mji wa kubuni katika pwani ya Massachusetts, na kukuta wakazi ambao si binadamu kamili. Kutokana na uvamizi huo kinazaliwa kitengo cha P4 ndani ya ujasusi wa Jeshi la Majini, cha kupambana na mambo kama hayo. Mwaka 1942 kazi hiyo iko chini ya OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa vita, inapewa jina Delta Green, na inapambana na Karotechia, tawi la SS, kikosi cha Wanazi, lililotaka kuyageuza maarifa ya giza kuwa silaha. Inavunjwa vita vilipokwisha, kisha inafufuliwa 1947 baada ya tukio la Roswell, ambako inadaiwa chombo cha wageni kutoka nje ya dunia kilianguka, mwaka uleule linapoanzishwa kundi la siri la serikali liitwalo Majestic. Mwaka 1970 inafungwa rasmi kwa sababu ya operesheni iliyoishia kwa maangamizi Kambodia. Hapo maofisa wake wanaendelea kwa siri, bila kibali wala bajeti, wakiwadanganya mabosi wao, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali inapoirudisha kazi hiyo mikononi mwake. Wapo waliokubali kurudi, wapo waliokataa.

Mpasuko huo ndio moyo wa kampeni (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) ya siku hizi, kwa hiyo amua kabla wahusika hawajaundwa: wanafanya kazi kwa Mpango, yaani upande wa serikali, au kwa Waasi?

Mpango ni rahisi zaidi kwa kundi jipya. Amri inatoka juu, tiketi ya ndege ipo, na hakuna haja ya kueleza kwa nini daktari, askari wa kikosi maalumu na mpelelezi wa FBI wako gari moja. Tatizo lake linajitokeza kwenye kikao cha pili au cha tatu, wachezaji wanapoanza kuomba helikopta. Usiwakatalie moja kwa moja. Wape wanachoomba pamoja na alama zake: rubani aliyeona, fomu iliyosainiwa, ofisa anayeuliza maswali wiki mbili baadaye. Mpango upo kuilinda siri kwanza, watu baadaye, na wachezaji waione tofauti hiyo ikiwagusa.

Waasi wanafaa meza inayopenda uhaba. Muundo wao wa kale ni seli za watu watatu, kila mmoja akitumia jina la siri linaloanza na herufi ya seli yake, na seli A ikiongoza zote. Ukiwa na wachezaji watano, unganisha seli mbili zisizofahamiana. Kutoaminiana kwao kunakupa nusu ya kikao bure. Vifaa hutoka kwenye "masanduku ya kijani", vyumba vya kuhifadhia mizigo vilivyokodiwa kwa majina bandia. Hapa ndipo historia inapoingia bila kuhubiriwa. Chumba kimoja kiwe na vitu sita au saba: bunduki yenye risasi mbili, jenereta isiyo na mafuta, buti za mtoto zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, mkebe wa filamu ulioandikwa "1969, usitazame peke yako", daftari ambalo kurasa zake za mwisho zimekatwa kwa wembe. Viwili visaidie kazi ya leo. Kimoja kiwe hatari. Vilivyobaki visielezwe kamwe, maana wachezaji watavijengea hofu kubwa kuliko yoyote utakayoiandika.

Upande wa maadui, leta kundi moja kwa kampeni, mawili ukizidisha. Majestic ni watu waliofanya mapatano na wageni kutoka nje ya dunia wakiamini wanaelewa wanachouziwa. PISCES ni wenzao wa Delta Green huko Uingereza, na kumezwa kwao kutokea ndani kunafaa hadithi ya washirika wasioaminika. Karotechia ifae zaidi kampeni ya wakati wa vita au miaka ya 1990. Kila kundi liandikie kadi ya mistari minne: linataka nini usiku huu, linajua nini ambacho wachezaji hawakijui, lina uwezo gani hapa hapa, na litafanya nini saa 6, 12 na 24 zikipita bila kuzuiwa. Mfano: linataka maiti iliyo mochwari ya wilaya, linajua maiti ile haijafa, lina watu wawili na gari la wagonjwa, baada ya saa 6 linamhonga mlinzi, baada ya 12 linaichukua, baada ya 24 mlinzi hayupo na familia yake haimkumbuki. Mstari wa nne ndio unaosahaulika sana. Bila huo, adui anakaa akisubiri wachezaji wafike, na hofu inakufa.

Nyaraka nazo zina ufundi wake. Ukurasa mmoja, maneno 150 yasizidi, kisha futa karibu nusu kwa kalamu nyeusi. Acha jina moja, mahali pamoja na kitenzi kimoja. Ukifuta vyote, wachezaji hawana pa kuanzia; ukiacha vingi, wanasoma badala ya kupeleleza.

Yote haya yashikane na kanuni. Alama za Utimamu, yaani uzima wa akili wa mhusika, ni nguvu yake ya nafsi mara 5, na kikomo cha kuvunjika ni Utimamu kutoa nguvu hiyo ya nafsi: mwenye 12 anaanza na 60, anavunjika akifika 48. Kupoteza 5 au zaidi kwa mpigo mmoja kunamtoa akilini kwa muda. Anaweza kupunguza hasara kwa dadu la pande 4, akilipa alama hizo kutoka kwenye alama zake za nia na kwenye uhusiano wake na mtu anayempenda. Kwa hiyo simu ya kuitwa kwenye operesheni, ambayo kwa lugha yao ni "usiku wa opera", ipigwe wakati mtu huyo yuko karibu: katikati ya mahafali, au foleni ya hospitali. Muulize mchezaji anadanganya vipi, na uyaandike maneno yake. Utayahitaji mke au mtoto atakapoyarudia.

Angalia pia makundi yako yasijue kila kitu. Mwongozaji anajua alipo kila mhusika, na bila kukusudia adui naye anaanza kujua. Kila adui anapotokea mahali, uwe na jibu la nani alimwambia. Na bosi asiwasaliti wahusika zaidi ya mara moja, la sivyo wachezaji wataacha kupokea simu zake.

Kikao kikiisha, tenga dakika kumi kabla hujasahau. Chukua kadi, kata mstari uliotimia, andika kundi limejifunza nini kuhusu wahusika, na usogeze saa.