Jinsi ya kuchagua programu salama ya kuhamishia faili kwenye seva yako ya Ubuntu

Wengi wanaoniuliza wapakue programu gani ya kuhamishia faili hutaka jina moja tu: WinSCP au FileZilla? Jina ninalo na nitalitaja. Ila kuna maswali mawili yanayotangulia: programu hiyo inajuaje kwamba seva iliyo upande wa pili ni yako kweli, na siri zako inaziweka wapi? Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa tovuti ya duka moja iliyokuwa imejazwa kurasa za kamari. Nilikesha nikitafuta tundu kwenye seva, sikuliona. Nywila ilikuwa imeibwa kwenye laptopu ya mfanyakazi, ambako programu ya kuhamishia faili ilikuwa imeihifadhi bila kuisimba. Tangu hapo nafuata mpangilio huu, na siruki hatua.

Mfano wetu ni seva ya Ubuntu 22.04 au 24.04, na laptopu ya Windows.

Hatua ya 1: Jua seva yako inazungumza nini

FTP, njia kongwe ya kuhamisha faili, ilianza kuandikwa mwaka 1971, enzi ambazo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na wakifahamiana. Jina lako na nywila husafiri wazi kabisa. Yeyote aliye njiani anasoma. Mwaka 1995 mtandao wa chuo kikuu cha Tatu Ylönen huko Finland ulinaswa nywila kwa njia hiyo hiyo, naye akaandika SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva. Aliomba ipewe poti 22 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye seva), katikati ya FTP iliyoko 21 na Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kompyuta kwa mbali, iliyoko 23, kwa sababu alikusudia ichukue nafasi ya zote mbili.

SFTP ni njia ya kuhamisha faili inayopita ndani ya SSH. FTPS ni kitu kingine: ni FTP ile ile iliyovishwa TLS (usimbaji unaotumiwa na tovuti za https), nayo hukulazimisha kufungua poti nyingi kwenye ngome (firewall) ya seva. Majina yanafanana na yanachanganya watu kila siku. Kwenye Ubuntu yenye OpenSSH, programu inayoendesha SSH, SFTP tayari ipo. Hakikisha hivi:

`sudo sshd -T | grep subsystem`

Ukiona neno `sftp`, huhitaji kusakinisha chochote upande wa seva. Programu yoyote isiyojua SFTP iondoe kwenye orodha.

Hatua ya 2: Chagua programu

Kwa Windows mimi natumia WinSCP. Kama timu yako ina mchanganyiko wa Windows, Mac na Linux na mnataka wote mtumie kitu kimoja, chukueni FileZilla. Cyberduck inawafaa sana watu wa Mac. Na usidharau amri ya `sftp`: Windows 10 na 11 huja na OpenSSH, kwa hiyo unaweza kuitumia ndani ya PowerShell bila kupakua kitu. Kwa kazi ya faili mbili tatu inatosha.

FileZilla ikiachwa ilivyo, nywila unazohifadhi hukaa kwenye faili la XML zikiwa zimeandikwa kwa base64, namna tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Hiyo si siri; kuzifumbua ni kazi ya sekunde. Kwenye mipangilio yake kuna nywila kuu inayozisimba zote, iwashe siku ile ile ya kwanza. WinSCP nayo ina nywila kuu, na nayo haiwaki mpaka uiwashe. Dawa kamili ni kutohifadhi nywila yoyote, tutafika huko hatua ya 4.

Sasa toleo. Hapa naomba usome polepole. Aprili 2024 ilitangazwa kasoro kwenye PuTTY, programu ya SSH ya Windows; namba yake rasmi ni CVE-2024-31497. WinSCP na FileZilla hutumia msimbo wa PuTTY, hivyo nazo ziliguswa. Kila mara programu hizo zilipotia saini kwa ufunguo (faili la kuingilia seva badala ya nywila) wa aina ya ECDSA P-521, namba ya nasibu iliyotakiwa isibashirike ilikuwa na mwelekeo unaojulikana. Mtu akikusanya saini zako kama 60 hivi, tuseme kwa kudhibiti seva uliyokuwa ukiingia, anaweza kukokotoa ufunguo wako wa siri wote. Matoleo yaliyorekebishwa ni WinSCP 6.3.3 na FileZilla 3.67.0, na yote yaliyofuata. Lakini kusasisha programu pekee hakukuokoi kama ufunguo wa aina hiyo uliwahi kutumika na toleo la zamani. Ufunguo huo umeshaharibika. Ufute kwenye kila `authorized_keys` (faili la seva linaloorodhesha funguo zinazoruhusiwa) ulikouweka, utengeneze mwingine. Angalia leo: mstari unaoanza na `ecdsa-sha2-nistp521` ndio unaoutafuta.

Hatua ya 3: Pakua kwenye chanzo chenyewe

WinSCP iko winscp.net, FileZilla iko filezilla-project.org. Andika anwani mwenyewe, usibofye tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji. Januari 2014 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu nakala za FileZilla zilizochezewa: zilifanya kazi vizuri kabisa, huku zikituma nywila za watu kwa wezi. Baada ya kupakua, endesha `Get-FileHash` kwenye PowerShell, halafu linganisha matokeo na alama ya SHA-256 (mfululizo wa herufi unaobadilika faili likichezewa) iliyotolewa na watengenezaji; kama wametoa ya SHA-512, ongeza `-Algorithm SHA512`.

Hatua ya 4: Tengeneza ufunguo

`ssh-keygen -t ed25519`

Utaulizwa neno la kulinda ufunguo. Usibonyeze tu Enter ukapita. Laptopu ikiibwa kwenye daladala, neno hilo ndilo litakalokupa muda wa kuufuta ufunguo kwenye seva.

Fungua faili linaloishia na `.pub`, nakili mstari wake, uubandike kwenye `~/.ssh/authorized_keys` ya mtumiaji wako huko kwenye seva. Folda ya `.ssh` iwe na ruhusa 700 na faili liwe na 600, la sivyo SSH inaweza kuukataa ufunguo. Ukiuonyesha WinSCP ufunguo wa OpenSSH, itajitolea kuugeuza kuwa `.ppk`, kubali.

Hatua ya 5: Hakiki alama ya kidole ya seva

Mara ya kwanza ya kuunganisha, programu itakuonyesha alama ya kidole, yaani herufi zinazoitambulisha seva hiyo, na kukuuliza kama unaiamini. Karibu kila mtu hubofya ndiyo bila kusoma, na huo ndio wakati pekee ambao mtu aliyejipenyeza katikati anaweza kujifanya seva yako bila wewe kushtuka. Ingia kwenye seva kupitia konsoli ya kampuni inayokupangishia, si kwa SSH, kisha andika:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Linganisha herufi zinazofuata `SHA256:` mpaka ya mwisho. Zikilingana, kubali. Siku programu ikikuambia alama imebadilika na wewe hujaijenga seva upya, acha kazi hapo hapo.

Hatua ya 6: Mfungie mpakiaji kwenye folda yake

Anayeleta picha za bidhaa hana haja ya kuiona seva nzima. Tuseme anaitwa Neema. Muweke kwenye kundi la `wapakiaji`, halafu mwisho kabisa wa `/etc/ssh/sshd_config` ongeza:

```
Match Group wapakiaji
    ChrootDirectory /srv/sftp/%u
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
```

Alama `%u` husimama badala ya jina la mtumiaji. Folda ya `/srv/sftp/neema` lazima imilikiwe na root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika humo. Ndani yake tengeneza folda ndogo ya Neema mwenyewe. Ukikosea hapa muunganisho utakatika papo hapo, na kwenye logi utaona `bad ownership or modes for chroot directory`. Pima kwa `sudo sshd -t`, kisha `sudo systemctl reload ssh`.

Kwenye WinSCP chagua SFTP, si SCP. Mtumiaji huyu hana sheli (sehemu ya kuandikia amri), na SCP ya zamani huihitaji.

Hatua ya 7: Kata mtandao makusudi

Hili hulikuti kwenye miongozo mingi, nami naona ni kipimo cha lazima kwetu tunaofanya kazi kwa bando la simu. Pakia faili la MB 500, likifika nusu zima data. Washa, endelea. WinSCP huandika faili kubwa kwa jina la muda linaloishia `.filepart` na hulibadilisha likikamilika, kwa hiyo tovuti haisomi faili nusu. Kwenye amri ya `sftp` tumia `reput` badala ya `put`. Mwisho linganisha `sha256sum` ya kwenye seva na `Get-FileHash` ya kwenye laptopu.

Hatua ya 8: Zima nywila na FTP

Acha dirisha moja la SSH wazi, usije ukajifungia nje. Weka `PasswordAuthentication no`, pakia upya mipangilio, kisha uliza seva yenyewe:

`sudo sshd -T | grep passwordauthentication`

Ikijibu `yes`, tazama folda ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Kwenye seva nyingi za kukodi kuna faili la `50-cloud-init.conf` linaloruhusu nywila, na SSH hushika thamani inayoisoma kwanza. Rekebisha humo.

Kisha `sudo ss -tlnp | grep ':21'`. Kama vsftpd, programu ya FTP ya upande wa seva, bado inasikiliza, iondoe kwa `sudo apt remove vsftpd`. Ingia tena kwa programu yako mpya na usome `sudo journalctl -u ssh -n 20`. Mstari unaoutaka una maneno `Accepted publickey`, ukiwa na jina la mtumiaji na neno `ED25519`.