Harusi haienei kwenye DVD moja? Igawe hivi

Wateja wangu wa Ukerewe bado wanataka harusi yao kwenye DVD. Flashi watoto wataichukua wajazie nyimbo, lakini diski inakaa kabatini, mgeni akija inatiwa kwenye deki. Ila harusi ya sasa, kuanzia saluni hadi keki, inatoka kwenye kamera ikiwa na GB 20 au zaidi, na diski imeandikwa 4.7.

Hiyo 4.7 nayo isikudanganye. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, ndiyo maana ukijaza utaona nafasi inaishia kwenye 4.37 hivi. Mimi naishia 4.3.

Kwanza uliza mtu ataangalilia wapi. Kama ni kwenye deki, sahau GB na uhesabu dakika: programu itaigeuza video iwe ya mfumo wa deki, na diski moja inabeba kama saa mbili kwa picha ya kuridhisha. Ukiilazimisha ibebe saa nne itakubali, lakini sura ya bibi harusi itakuwa vibokisi vitupu. Tengeneza diski mbili, ukate pale sherehe yenyewe inapopumua, kwa mfano watu wakitoka kanisani kwenda kupiga picha Capri Point.

Kama anataka mafaili ghafi ya kompyuta, programu kama Nero na CDBurnerXP zinaweza kugawa zenyewe: unamwaga folda lote, inajaza diski ya kwanza, inakuomba ya pili. Ni rahisi, ila siipendi kwa kazi ya mteja. Programu inaangalia ukubwa tu, haijui kiapo ni kipi na mchezo wa ngoma ni upi, kwa hiyo vitu vinachanganyika. Tengeneza mafolda mwenyewe: 1-Kanisani, 2-Picha, 3-Ukumbini. Bofya kila folda kulia uone ukubwa wake, lililozidi toa kitu upeleke kwa jirani. Hivyo diski moja ikipotea kwenye meli ya Nansio, zilizobaki zinafunguka bila shida.

Balaa ni faili moja lenye GB 9. Hapo tumia 7-Zip, programu ya bure ya kubana na kugawa mafaili. Bofya faili kulia, ongeza kwenye kifurushi, kisha kwenye kisanduku cha kugawa vipande chagua 4092M. Wengi huchagua 4480M kwa sababu kimeandikwa DVD pembeni, lakini kipande hicho kinapita kikomo cha GB 4 kwa faili moja cha FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye baadhi ya flashi, kwa hiyo mteja akitaka kukihamisha hakitaingia kwenye flashi ya mfumo huo. Kubana usibane kabisa: video tayari imebanwa, utapoteza muda bure. Vitatoka vipande vyenye .001, .002, .003, kila kimoja na diski yake. Mwambie mteja avinakili vyote kwenye folda moja la kompyuta ndipo afungue cha .001, kikikosekana kimoja, faili zima halitoki. Na deki haivisomi hata kidogo, usiache alipe kabla hajaelewa hilo.

Wakati wa kuchoma, yaani kuandika mafaili kwenye diski, tumia laptopu yenye chaji, maana umeme ukikatika katikati diski imekufa. Punguza mwendo hadi 8x, weka tiki kwenye kuhakiki baada ya kuchoma, na namba ziandike kwa maka peni ya diski, 1/3, 2/3. Kalamu ya wino wa kawaida inakwaruza.