Kabla hujamlipa mwongoza wawindaji Colorado
Ukipanga kwenda milima ya Colorado kuwinda wale kulungu wa Marekani wenye masikio makubwa kama ya baghala, usitoe arbuni kabla hujamuuliza mwongozaji: nisipopata kibali, pesa yangu inarudi? Vibali vya kulungu huko hutolewa kwanza kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mapema Aprili, miezi kadhaa kabla ya msimu. Hakikisha pia mwongozaji amesajiliwa na jimbo. Nawe mwindaji, ukiwa umezaliwa kuanzia 1949, sharti uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Watu hukumbuka bunduki, karatasi hiyo wakaisahau nyumbani. Halafu fika siku mbili mapema, mwili uizoee hewa nyembamba ya milimani. Kwenye kimo cha mita 3,000 hata mkimbiaji hutweta, na usipofanya hivyo, siku uliyoilipia utaimalizia hemani umeshika kichwa.