Mgeni mpe mbuzi ya nazi, usimpe kiti

Kwa mnaosoma vyuo hapa Mtwara na wenzenu kutoka Msumbiji, Malawi au mbali zaidi: acheni ile "karibu siku moja geto". Haina siku, kwa hiyo haji. Mwambie, "Jumamosi asubuhi twende Feri tukanunue samaki, mchana tunapika." Kisha mpe kazi. Wewe para magamba ya changu, yeye akune nazi. Mikono ikiwa na kazi, kimya hakiwi kizito, na maongezi yanapata pa kushika: kifuu, tui la kwanza, tui la pili, chicha. Anayeona haya kufungua mdomo darasani hapo atauliza tu, maana asipouliza atakuna mpaka ile ngozi ya kahawia na tui lichafuke.

Saa mwandikie 8:00 asubuhi. Ukimwambia "saa mbili", wapo watakaokuja mchana. Na simu iliyobaki na saa za Msumbiji iko nyuma kwa saa 1. Mchango wa pesa malizaneni kabla ya kufika sokoni, si mbele ya muuza samaki.

Inakwama mkiwa wenyeji wanne kwa mgeni mmoja: muda si muda mmehamia Kiswahili cha mtaani au Kimakonde (ingawa mgeni wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lenye Wamakonde pia, huenda akawazidi hapo), naye kabaki na simu yake. Wenyeji wawili wanatosha. Ramadhani uliza kwanza kama amefunga. Ikiwa ndiyo, mwalike futari, nazi zipo za kukuna vilevile.