Somo: Kutoka nyumba za mtaani hadi tenda kubwa, kwa mkandarasi wa visiwani

Assalam aleikum wenzangu. Vijana watatu wa hapa Amu, yaani Lamu, wameniuliza jambo moja kwa nyakati mbalimbali: nyumba najenga, kuta nazisimamisha, mbona tenda kubwa sizipati? Nami huwauliza: ukiipata, utaimudu au itakumeza? Naandika haya nikiwa nimeshamezwa mara moja.

Hatua ya 1: Jua bei ya mfuko ukiwa pale unapojenga

Tenda yangu ya kwanza ya maana ilikuwa madarasa mawili, kisiwa cha Pate. Nikapiga hesabu ya simiti kwa bei ya Mokowe, gati la bara, nikaongeza nauli ya mashua kwa kukisia, nikatia sahihi. Sikukumbuka Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, chombo chenye mzigo hakipiti pale, na siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, hata yakijaa ni ya kubahatisha. Mashua ikalala njiani, mafundi tisa wakakaa chini ya mti wa mkungu wakinywa chai kwa hesabu yangu. Ilipofika, mifuko ya chini iliyokuwa karibu na ngama, maji yanapokusanyika chomboni, ilikuwa imekunywa maji. Kumi na moja ikawa mawe.

Tangu siku ile huhesabu mikono. Mfuko unashuka kwenye lori Mokowe, mkono wa kwanza. Hamali hadi chomboni, wa pili. Nauli ya mashua, wa tatu. Hamali gatini, wa nne. Punda hadi kazini, wa tano, na punda hubeba mifuko miwili kwa safari. Kila mkono una bei yake na kila mkono hupoteza kidogo. Kokoto ya Manda Maweni na mchanga nazo vivyo hivyo. Andika bei hizi daftarini kila mwezi, maana wakati wa kusi baharini pachafu na nauli haibaki pale pale. Tenda ikitangazwa una siku chache tu za kuijaza, na huo si wakati wa kuanza kumtafuta nahodha.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa sikawii. Sajili kampuni, kisha ujiandikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Madaraja ni manane. La 8 ndilo la chini, na kwa majengo linakuruhusu kandarasi ya hadi shilingi milioni 10. La 7 ni milioni 20, la 6 ni milioni 50, hivyo hivyo mpaka la 1 lisilo na kikomo. Leseni huhuishwa kila mwaka. Cheti cha ushuru cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kisikuishie muda, na bima ya wafanyakazi iwepo, kwani sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini haiulizi kama wewe ni mdogo au mkubwa. Wengi hutolewa kwa karatasi moja iliyosahauliwa, bei yao ikiwa bado haijasomwa.

Hatua ya 3: Pesa ya kungojea

Hapa ndipo penye kaburi la wengi. Chukua kalamu.

Tuseme umepata kazi ya milioni 12 kwa miezi sita. Kila mwezi unafanya kazi ya milioni 2. Gharama yako milioni 1.8, faida laki 2. Mwezi wa kwanza unakwisha, mkadiriaji anakuja kupima, cheti cha malipo kinaandikwa, na pesa inaingia baada ya siku 60, pasipokuwa na la kuikwamisha. Siku hizo 60 hukulala, umefanya mwezi wa pili na wa tatu. Maana yake umeshatoa milioni 5.4 mfukoni kabla ya kuona shilingi ya kwanza.

Sasa itazame hiyo shilingi ya kwanza. Haiji milioni 2. Mwenye kazi anazuia asilimia 10 kama dhamana mpaka ujenzi ukamilike, yaani laki 2, na kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 unayokuja kuihesabu na KRA baadaye. Kwa hiyo kinachokufikia hakifiki hata ile milioni 1.8 uliyotumia. Ukijumlisha miezi sita, kilichozuiliwa ni milioni 1.2. Na faida yako yote ilikuwa ngapi? Milioni 1.2. Faida ndiyo iliyokaa kule! Nusu yake aghalabu hutolewa siku ya kukabidhi, nusu baada ya muda wa kurekebisha kasoro, miezi sita au mwaka.

Ndiyo maana mtu ana kazi tatu kubwa na nyumbani hakuna mchele. Kabla ya kujaza tenda, andika pembeni: nitatoa kiasi gani kabla ya malipo ya kwanza, na kitatoka wapi? Ukiona jibu ni “Mungu atafungua”, iwache hiyo. Kanuni yangu mwenyewe ni kutochukua kazi inayozidi mara mbili ya kubwa kuliko zote nilizozimaliza salama. Wapo watakaoniita mwoga.

Hatua ya 4: Kazi iende usipokuwepo

Nyumba ya mtaa wa Langoni hapa mjini unaipitia mara tatu kwa siku kwa miguu. Kazi ya Faza, kisiwani Pate, na nyingine ya mji wa Hindi, huko bara, huwezi. Tafuta fomeni anayesoma ramani na anayeweza kukwambia “hapana”. Mlipe vizuri kuliko unavyotaka. Kila jioni akutumie picha na mambo matatu: watu waliofika, mifuko iliyotumika, kilichokwama. Hilo la tatu ndilo litakalokutetea ukidai muda wa ziada.

Hatua ya 5: Ingia kwa mlango wa pembeni

Si lazima uanze kwa kupambana na wakubwa. Chukua kipande chini yao, kuta peke yake au paa peke yake, ujifunze vyeti na vikao vyao. Na sisi tuna mlango ambao wao hawana: mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na majumba yake ya matumbawe hayataki simiti. Ukuta wa zamani ukiupaka simiti unyevu hunaswa ndani, na lipu hubanduka vipande. Unataka chokaa, na anayeijua chokaa na boriti ni babako.

MASWALI

Fundi wa Faza: Ami, injinia ameukataa mchanga wangu wa ufukweni. Ni mweupe, safi. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa ni chumvi. Inakula chuma ndani ya zege. Chuma kikishika kutu hufura, na nguzo hupasuka. Injinia yuko sawa. Na usiende kuchota kwenye matuta ya mchanga ya Shela, yale ndiyo yanayotuhifadhia maji matamu ya kisiwa.

Bi mmoja wa Mpeketoni: Kampuni ni yangu na binti zangu. Tuna nafasi?

Jibu: Kubwa, bibi. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chukueni cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa zabuni hizo. Katika zabuni hizo hamtoi dhamana ya benki wakati wa kuomba, mnajaza fomu ya tamko tu.

Mkandarasi wa Malindi: Nataka mtaji lakini riba siigusi.

Jibu: Ulizia murabaha. Benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa faida mnayokubaliana mapema, nawe unalipa kwa awamu. Ila soma wanasemaje ukichelewa, maana mwenye kazi atakuchelewesha.

Kijana wa Matondoni: Ami, yale madarasa ya Pate uliyamaliza?

Jibu: Niliyamaliza. Niliuza mashua yangu. Aliyeinunua ndiye anayenibebea simiti mpaka leo, na hanipunguzii hata shilingi.