Tovuti ikishuka Google, soma namba kabla ya kugusa kitu

Una nyumba ya wageni Bagamoyo na tovuti imeshuka Google? Usianze kufuta kurasa. Ingia Search Console (chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyoonekana na kubofywa kwenye utafutaji), linganisha siku 28 hizi na 28 zilizotangulia, utafutaji mmoja mmoja, maana wastani wa tovuti nzima hudanganya. Chukua "malazi karibu na Kaole". Nafasi ni ileile ya 3 lakini mara ulizoonekana zimepungua? Watafutaji ndio wamepungua. Tazama mwezi huohuo mwaka jana (kumbukumbu hukaa miezi 16). Unaonekana vilevile ila mibofyo imeshuka? Tafuta kwa simu, huenda ramani au matangazo yamekaa juu yako.

Google wakitoa sasisho kuu (mabadiliko makubwa ya jinsi wanavyopanga matokeo), subiri liishe, ongeza wiki nzima, ndipo ulinganishe na wiki ya kabla halijaanza. Nafasi ikishuka kutoka 2 hadi 4, acha. Kutoka 4 hadi 29, soma waliokupita: pengine wametaja nauli ya bajaji hadi magofu ya Kaole, wewe umeandika "karibuni sana" tu. Rekebisha ukurasa mmoja, andika tarehe. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.