Kusafirisha mwili wa marehemu kutoka ughaibuni hadi Moshi au Arusha

Ndugu anapofariki ughaibuni, familia nyingi za Moshi na Arusha hukimbilia kutangaza siku ya mazishi, ilhali hilo lilipaswa kuwa miongoni mwa mambo ya mwisho. Tarehe ipangwe baada ya shirika la ndege kuupokea mwili na kutoa namba ya hati ya mzigo. Kabla ya hapo mnabahatisha tu, na watakaoumia ni waliokwisha kukata tiketi za basi kutoka Dar es Salaam.

Teueni watu wawili, mmoja huko na mmoja huku. Aliye huko awe ndugu wa karibu anayetambulika kisheria, au awe na barua ya idhini ya familia, kwa sababu hospitali na kampuni za mazishi hazitazungumza na kamati nzima kwa zamu. Aliye huku ndiye ataandikwa kwenye hati ya mzigo kama mpokeaji, hivyo awe na kitambulisho chenye jina lile lile lililoandikwa na simu inayopatikana hata usiku.

Kampuni ya mazishi ya huko ndiyo hukusanya nyaraka nyingi: cheti cha kifo, cheti cha kuthibitisha kwamba mwili umetiwa dawa ya kuuhifadhi, barua ya daktari au mamlaka ya afya inayoeleza kwamba hakuna hatari ya kuambukiza, na uthibitisho kwamba jeneza limefungwa ipasavyo, mara nyingi likiwa na sanduku la zinki ndani yake. Nyaraka hizo, pamoja na pasipoti ya marehemu, hupelekwa ubalozi wa Tanzania ulio karibu ili kupata kibali cha kuleta mwili nyumbani. Nchi husika nayo huwa na masharti yake. Kwa mfano, England na Wales mwili hautolewi nje bila kumwarifu afisa wa mahakama anayechunguza vifo, na kifo cha ghafla au cha ajali huongeza siku za kungoja.

Kinachochelewesha zaidi, kwa maoni yangu, ni majina. Dada aliyeolewa ana jina la mume kwenye pasipoti, jina la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa, na hospitali imeandika jina la ubatizo peke yake. Mwambieni aliye huko asome kila karatasi herufi kwa herufi kabla haijapigwa mhuri, kwani kurekebisha cheti cha kifo baada ya kusajiliwa ni kazi ya peke yake.

Kuhusu gharama, msianze na mchango. Ulizeni kwanza kama marehemu alikuwa na bima ya maisha, ya safari au ya kazini, na kwa waliofanya kazi nchi za Ghuba someni mkataba wa ajira, kwani mikataba mingi huweka jukumu la kurudisha mwili mikononi mwa mwajiri. Mchango ukihitajika, mweka hazina awe mmoja na hesabu zisomwe hadharani.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) upo katikati ya miji hii miwili, hivyo ndiyo njia fupi, lakini hakikisheni kwamba ndege ya mwisho inayotua hapo ina nafasi na mlango wa kutosha kwa jeneza lililofungashwa. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, nafasi huwa za kugombania. Kupitia Nairobi na Namanga huonekana rahisi kwenye ramani, ila kunaongeza vibali vya nchi nyingine. Kushukia Dar es Salaam kunaongeza zaidi ya kilomita 500 za barabara.

Mwili hautokei mlango wa abiria. Mpokeaji aende sehemu ya mizigo akiwa na nakala za nyaraka zote, akutane na maafisa wa afya na wa forodha, kisha apokee. Jeneza huja ndani ya kifungashio cha mbao na kadibodi kilichokazwa kwa mikanda, kwa hiyo bebeni kisu na bisibisi, na leteni vijana wa kutosha. Majeneza ya Marekani yana urefu unaozidi mita 2 na upana wa sentimita 70 hivi. Ombeni vipimo mapema na mpeleke kwa fundi anayejenga kaburi kihambani (kwenye shamba la ukoo), na pimeni mlango wa nyumba kama mwili utalala ndani.

Kama mnataka kuaga kwa kufungua jeneza, muulizeni mtaalamu aliyeuhifadhi mwili iwapo inafaa, kisha ndugu mmoja mwenye moyo mgumu atangulie kuuona mochwari, iwe ya hospitali ya KCMC mjini Moshi au ya Mount Meru mjini Arusha, kabla ya watoto na wazee. Aliyefariki kwa ugonjwa wa kuambukiza asifunguliwe. Kwa marehemu Mwislamu, shaurianeni na sheikh mapema, kwa kuwa sanduku likishafungwa hapatakuwa na kumkosha upya: akoshwe, avishwe sanda na ikiwezekana aswaliwe huko huko. Mara nyingi atashauri azikwe alikofia, na ushauri huo usichukuliwe kuwa ni kumtupa ndugu.

Msipeleke kaburini nakala halisi ya cheti cha kifo pamoja na mafaili ya kamati. Ombeni huko nakala kadhaa zilizothibitishwa, na kama cheti hakikuandikwa kwa Kiingereza wala Kiswahili, kitafsiriwe rasmi, kwa sababu mahakama itakihitaji mirathi itakapofunguliwa na benki ya huko haitaachilia fedha za akaunti ya marehemu bila hicho.